Mita Mia Nane

Ubishi ulianzia mlangoni.
Sehemu ya tatu, dakika ya kumi na moja:
kapteni anatoka ndani ya Kongoti,
anainama kidogo, kofia inagusa chuma.
(Chombo kilikuwa na jina lake la kwao.
Buguruni tulikiita Kongoti, kwa ile shingo.)
Rwegasira fundi redio akasimamisha picha,
akaweka rula juu ya kioo:
kapteni sentimita mbili, chombo chote arobaini.
Akapiga hesabu kwenye kiganja.
"Mita thelathini na sita. Mabasi matatu ya mkoani,
yamefungwa kamba. Basi."

Basi? Kibanda kizima kiliinuka.
Mita mia nane! Tulisikia kwa masikio yetu,
alitamka Kondo mtafsiri,
Kondo anayemwaga Kiswahili juu ya vilio vyao,
kapteni akinong'ona yeye ananguruma,
akifa mtu anawapa pole wafiwa.
Mia nane: ukikilaza juu ya daraja la Kigamboni,
daraja lenyewe likinukia rangi bado,
mdomo uguse Kigamboni,
mkia unabaki kuning'inia Kurasini.

Tukagawanyika. Wa Mia Nane huku,
wa Thelathini na Sita kule,
na Ngonyani peke yake,
aliyeshikilia kwamba chombo hujikunja kikiishiwa mafuta.
Kuna waliokaa bila kusalimiana hadi Idi.
Mashemeji wawili walirudishiana mwavuli.

Halafu injini. Kikipaa nne, kikitua tatu.
"Moja imedondoka."
"Mbona wiki ijayo ipo?"
"Waliifuata."
"Nani? Kwa chombo gani?"
Na kovu la kapteni lilihama shavu usiku mmoja,
hakuna hata daktari aliyeshtuka.

Mimi nilikuwa karani, miaka kumi na mitatu,
na daftari nililonunuliwa kwa ajili ya hesabu.
Nayo ilikuwa hesabu.

Shuwena alishona nguo ng'ambo ya ukuta wa plaiwudi.
Miaka miwili alitusikia, hakuwahi kuingia.
Jumamosi moja akaja, futi kamba shingoni,
akasimama karibu na kioo kuliko mtu yeyote,
hakuitazama meli. Alitazama koti.
"Hapa vifungo saba. Akigeuka, sita.
Na bega hili limeshuka, lile halijashuka.
Mnahangaika na chuma,
mtu mwenyewe ni wawili."
Akarudi kwenye cherehani yake.
Tulisikia sindano ikianza upya.

Mwezi uliofuata Kondo akaja kudai hela zake.
Tukambana: mia nane, uliitoa wapi?
Alicheka mpaka akakohoa.
"Rubani alitaja namba, sikuisikia,
jenereta lilikuwa linapiga kelele.
Mbele yangu kibao cha mama ntilie:
chapati na maharage, mia nane.
Nikasema mia nane."

Kimya. Wa Thelathini na Sita walikuwa wameshinda,
hakuna aliyepiga kofi.
Aliyepandwa na hasira ni Rwegasira,
Rwegasira yuleyule wa rula.
"Wewe ulitamka tu," akamwambia.
"Likishatoka kinywani si lako.
Chapati ni chapati, Kongoti ni Kongoti.
Chukua hela yako ukae, unatuzibia."

Kibanda sasa kinauza vigae vya choo.
Daftari ninalo; panya wameonja jalada,
wakaishia ukurasa wa kovu.
Siku nyingine natoka Kigamboni kwa miguu,
nahesabu hatua juu ya daraja,
na linapoishia, Kurasini, nasimama pembeni
malori yakipita, nainua macho:
zimebaki mita mia na ishirini
za mkia, hewani, juu ya makontena,
na injini nne.
Nikihesabu tena, tatu.